Siku Moja Bungeni: Jinsi Neno la Mkulima wa Kilungu Lifikavyo Nairobi

Wakulima wengi husikia habari za Bunge katika redio wakati wa jioni. Husikia kwamba Wabunge wamebishana, kwamba mmoja ameamriwa atoke nje, kwamba mswada fulani umepita na mwingine umekataliwa. Asubuhi mtu hutwaa jembe lake akaenda shambani, akisema moyoni mwake, "Hayo ni mambo ya wakubwa wa Nairobi, hayanihusu."

Kumbe yanamhusu sana. Sheria inayosema nani apewe hati ya shamba katika makazi hutungwa Bungeni. Kodi iliyomo katika bei ya mafuta ya taa hupitishwa Bungeni. Fedha ambazo Wizara ya Kilimo hutumia kila mwaka haziwezi kutolewa hata senti moja mpaka Bunge limekubali.

Katika makala haya tutaeleza kazi ya Bunge la Taifa kwa siku moja, tangu kengele kulia mpaka Spika kuahirisha mkutano. Twataka msomaji ajue mambo yanayofanywa, na zaidi ya hayo ajue ni mahali gani katika siku hiyo neno lake laweza kuingia. Bunge ni kama nyumba yenye milango kadha, na kila mlango una wakati wake wa kufunguliwa. Mtu ajaye kwenye mlango usio wake, au ajaye wakati umepita, hurudi mikono mitupu hata kama haki ni yake.

ZAMANI WATU WALIKWENDA KWA MIGUU

Wazee wa Ukambani wakumbuka habari za mwaka wa 1938. Serikali ya wakoloni ilisema kwamba ng'ombe wa Wakamba ni wengi kupita kiasi, na kwamba udongo unaharibika kwa sababu yao. Ikaanza kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya chini. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwapo Nairobi tangu mwaka wa 1907, lakini katika 1938 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyekaa ndani yake. Hapakuwa na mtu wa kuuliza swali, wala wa kupeleka ombi.

Basi katika mwezi wa Julai mwaka huo Wakamba kwa maelfu, wanaume na wanawake na watoto, walikwenda Nairobi kumwona Gavana. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Walikaa huko majuma kadha wakingoja kusikilizwa. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa mbali, Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha Serikali iliacha kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu.

Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo alikuwa Eliud Mathu, mwaka wa 1944, naye hakupigiwa kura bali aliteuliwa. Katika Machi 1957 Waafrika walichaguliwa kwa kura mara ya kwanza, watu wanane tu kwa nchi nzima. Mmoja wao alikuwa James Muimi, aliyechaguliwa na Wakamba.

Twayataja hayo ili tujue thamani ya tulicho nacho. Safari ile ya 1938 ilikuwa njia ya watu wasio na mlango. Leo milango ipo. Hasara ni kwamba wengi wetu hatujui ilipo.

NI NANI WALIOMO BUNGENI

Bunge la Kenya lina nyumba mbili, Bunge la Taifa na Seneti. Bunge la Taifa lina Wabunge 349: 290 wa maeneo ya uchaguzi, wanawake 47 wa kaunti, na 12 walioteuliwa na vyama. Spika ni wa 350. Yeye huongoza mkutano, wala hapigi kura.

Mkulima wa Kilungu ana watu watatu wa kumsemea katika Jengo la Bunge. Wa kwanza ni Mbunge wa eneo la Kaiti, maana wadi ya Kilungu imo katika Kaiti pamoja na wadi za Ukia, Kee na Ilima. Wa pili ni Mbunge mwanamke wa Kaunti ya Makueni. Wa tatu ni Seneta wa Makueni, anayekaa katika Seneti. Mkulima wa Kitui naye ana watu watatu kwa njia hiyo hiyo. Wengi humfuata Mbunge wa eneo peke yake na kuwasahau wale wawili, kana kwamba hawakuwapigia kura.

Mawaziri si Wabunge. Zamani Waziri alichaguliwa katika eneo lake kama Wabunge wengine, na alikaa nao. Katiba ya 2010 ilibadili jambo hilo. Sasa Waziri huitwa kuja kujibu, kisha huenda zake.

KENGELE, SIWA NA SALA

Kwa kawaida Bunge la Taifa hukutana siku tatu kwa juma. Jumanne na Alhamisi huanza saa nane u nusu mchana. Jumatano hukutana mara mbili, saa tatu u nusu asubuhi na tena saa nane u nusu mchana. Siku nyingine Wabunge wengi huwa katika maeneo yao. Kwa hiyo mtu atakaye kumwona Mbunge wake nyumbani asimtafute siku ya Jumatano.

Saa ikifika, kengele hulia. Mpambe wa Bunge huingia akitangulia mbele ya Spika, naye amechukua siwa begani. Siwa ni rungu la heshima, nayo ni ishara ya mamlaka ya Bunge. Huwekwa juu ya meza iliyo mbele ya Spika. Kisha Spika husoma sala, na wote husimama.

Baada ya sala hutazamwa kama Wabunge wametimia. Katiba yataka wawe 50 kwa uchache. Wakipungua, Spika huamuru kengele ilie kwa dakika kumi, ili walioko katika vyumba vingine waje. Wakiwa bado hawajatimia, mkutano huahirishwa, na kazi ya siku hiyo hungoja. Hivyo Mbunge asiyehudhuria aweza kuichelewesha kazi ya nchi kama vile mtu mmoja asiyekuja katika kazi ya mwethya awachelewesha wenzake kuchimba.

Msomaji aliyetazama televisheni aweza kuuliza, "Mbona viti vingi ni vitupu?" Mara nyingine ni uvivu, na mpiga kura ana haki ya kumwuliza Mbunge wake. Lakini mara nyingine Mbunge yumo katika kamati, na huko ndiko kazi nyingi hufanywa, kama tutakavyoeleza mbele.

MLANGO WA KWANZA: ARZIHALI

Kazi za siku hufuata orodha iliyopigwa chapa. Kwanza Spika hutoa taarifa zake na kusoma ujumbe uliotoka kwa Rais au kwa Seneti. Kisha husomwa maombi ya wananchi, ambayo wazee huyaita arzihali. Angalia, ndugu mkulima, jinsi ombi la mwananchi lilivyowekwa karibu na mwanzo wa siku, kabla ya hoja za Wabunge wenyewe.

Katiba, katika kifungu cha 119, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kupeleka ombi Bungeni juu ya jambo lolote lililo katika uwezo wa Bunge, hata kutaka sheria itungwe, ibadilishwe au ifutwe. Hasemi tajiri, wala msomi, wala chama. Asema kila mtu.

Tuseme wakulima wa makazi fulani hawajapata hati za mashamba yao. Mashamba mengi ya makazi katika Kenya yalitolewa kwa mkopo wa Serikali, na hati haitolewi mpaka deni limekwisha na kuandikwa kwamba limekwisha. Wakulima hawa wamelipa, baba amekufa, mtoto ndiye anayelima, na hati haijaonekana. Wafanye nini?

Kwanza waende kwa ofisi ya ardhi na kwa ofisa wa makazi, wapeleke barua, nao washike nakala ya barua hiyo na stakabadhi zao zote za malipo. Wasiporidhika na jibu, waandike ombi kwa Bunge. Sheria ya 2012 juu ya maombi hayo yaeleza namna linavyopasa kuandikwa:

1. Liandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kwa mkono au kwa mashine, wala lisiwe na maneno yaliyofutwa-futwa.

2. Lieleze jambo lenyewe ni nini.

3. Liseme ni ofisi gani zilizokwisha kuendewa, na jibu lililopatikana.

4. Liseme kama jambo hilo limo mahakamani au halimo.

5. Limalizike kwa kusema wazi ni nini kinachoombwa.

6. Kila mwombaji aandike jina lake, anwani yake na namba ya kitambulisho, kisha atie sahihi. Asiyejua kuandika atie alama ya kidole gumba.

Ombi hupelekwa kwa Karani wa Bunge na waombaji wenyewe, au Mbunge huliwasilisha kwa niaba yao. Hakuna ada. Likisomwa Bungeni, hupelekwa kwa kamati inayohusika. Kamati hiyo yaweza kuwaita wakuu wa Wizara waje kujieleza, tena yaweza kuwaita waombaji.

Maombi mengi hushindwa kwa sababu ya jambo la tatu na la tano. Watu huandika kurasa nyingi za uchungu wao, lakini hawasemi walikwenda ofisi gani, wala hawasemi wanataka nini. Mwisho wa ombi uwe mfupi na dhahiri. Mfano: "Kwa hiyo sisi waombaji twaliomba Bunge lichunguze kwa nini hati za mashamba yetu hazijatolewa, na kuitaka Wizara itaje tarehe ya kuzitoa."

MLANGO WA PILI: MASWALI

Baada ya maombi huwekwa mezani ripoti na karatasi nyingine, na Wabunge hutoa ilani za hoja watakazoleta. Kisha huja maswali. Mbunge huandika swali lake mapema, Spika akilikubali huandikwa katika orodha, na Waziri hutayarisha jibu. Tangu 2023 Mawaziri wamekuwa wakifika mbele ya Bunge kujibu wenyewe.

Swali jema ni kama jembe lenye makali. Mkulima akimwambia Mbunge, "Kawaulize kwa nini Serikali haiwapendi wakulima," Mbunge hawezi kuliandika swali hilo, na hata akiliandika Waziri atajibu kwamba Serikali yawapenda sana. Hapo pamekwisha. Lakini akimwambia, "Uliza ni hati ngapi zilizotolewa katika makazi yetu, ni ngapi zilizosalia, na zitatoka lini," hapo Waziri hana budi kutaja hesabu na tarehe. Tarehe ikipita, Mbunge aweza kusimama tena.

Maneno yote hayo huandikwa neno kwa neno katika kitabu cha kumbukumbu kiitwacho Hansadi. Ahadi iliyotolewa katika mkutano wa hadhara sokoni Nunguni yaweza kusahauliwa kesho yake. Ahadi iliyotolewa Bungeni imeandikwa, na mtu yeyote aweza kuisoma baada ya miaka hamsini. Hiyo ndiyo tofauti.

MSWADA NA MATUTA YAKE

Maswali yakiisha, Bunge huingia katika kazi kubwa ya siku, yaani miswada na hoja. Mswada ni sheria ambayo bado haijawa sheria. Watu wengi hudhani kwamba mswada hupita kwa siku moja. Sivyo. Mkulima wa Kilungu ajua kwamba mvua ikishuka mlimani pasipo matuta, huuchukua udongo wote mpaka bondeni. Ndiyo maana tangu zamani twachimba fanya juu, ili maji yasimame kidogo katika kila tuta na kuzama ardhini. Mswada nao umewekewa matuta, usishuke kwa kasi na kuharibu.

Tuta la kwanza ni kusomwa mara ya kwanza. Karani husoma jina la mswada tu, wala hakuna mabishano.

Tuta la pili ni kamati. Mswada wa kilimo huenda kwa Kamati ya Kilimo na Mifugo, wa kodi kwa Kamati ya Fedha. Kamati hutangaza katika magazeti kwamba wananchi walete maoni, na hutaja siku ya mwisho ya kuyapokea. Katiba, katika kifungu cha 118, yalazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi.

Tuta la tatu ni kusomwa mara ya pili. Hapa ndipo penye mabishano makubwa ambayo twayasikia redioni. Wabunge hujadili kama nia ya mswada ni njema au mbaya, kisha hupiga kura.

Tuta la nne ni Kamati ya Bunge Zima. Spika huondoka katika kiti chake, na siwa hutolewa juu ya meza na kuwekwa chini yake. Wabunge huupitia mswada kifungu kwa kifungu, wakiongeza neno hapa na kuondoa pale.

Tuta la tano ni kusomwa mara ya tatu na kura ya mwisho. Kwa kawaida Spika huwauliza wanaokubali waseme kwa sauti, kisha wanaokataa. Wabunge wa kutosha wakitaka hesabu, kura huhesabiwa na majina kuandikwa. Kama mswada wahusu kaunti, ni lazima uende na Seneti pia.

Mwisho hupelekwa kwa Rais. Ana siku 14. Aweza kutia sahihi, au aweza kuurudisha Bungeni akieleza sababu.

MLANGO WA TATU: KAMATI, NA HABARI YA MKATE

Katika matuta hayo yote, mwananchi ana nafasi ya kusema mwenyewe katika lile la pili, yaani kamati. Mfano wa mwaka wa 2024 waonyesha jambo hili wazi.

Katika Mei 2024 Serikali ilileta Mswada wa Fedha. Kati ya mambo yaliyomo ilikuwa kutoza kodi ya asilimia 16 juu ya mkate. Kamati ya Fedha ikafungua masikio. Watu na vyama vingi walileta maoni yao kwa maandishi na kwa mdomo, wengi wakilalamika. Tarehe 18 Juni, siku ambayo maandamano yalianza Nairobi, ilitangazwa kwamba kodi ya mkate imeondolewa pamoja na nyingine kadha. Jambo hilo liliondolewa kabla mswada haujapigiwa kura ya kusomwa mara ya pili, tarehe 20 Juni.

Lakini mambo mengine ya mswada huo yalibaki, na hasira za watu hazikutulia. Tarehe 25 Juni, siku ya Jumanne, Bunge liliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo vijana waliokuwa wakiandamana waliingia katika uwanja wa Bunge, na sehemu ya jengo ikachomwa. Watu waliuawa kwa risasi. Ilikuwa siku ya huzuni kuu katika historia ya Bunge letu. Kesho yake Rais William Ruto alisema kwamba hatautia sahihi, akaurudisha Bungeni akitaka vifungu vyote viondolewe, na mswada ukafa.

Mambo mawili yaonekana hapo. La kwanza, mswada uliopita Bungeni si sheria mpaka Rais ametia sahihi. La pili, watu wasiposikilizwa vya kutosha katika tuta la kamati, maji hufurika katika matuta ya chini, na madhara yake ni makubwa. Ni wajibu wa Wabunge kusikiliza kamatini, na ni wajibu wetu kwenda kusema huko mapema.

Huhitaji kwenda Nairobi kutoa maoni. Barua yatosha. Taja jina la mswada, taja namba ya kifungu, sema kifungu hicho kitakudhuru vipi, na sema ungetaka kiandikweje. Barua ya ukurasa mmoja yenye mambo hayo manne yasomeka upesi kuliko kitabu cha malalamiko.

BAJETI NAYO INA MSIMU WAKE

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Katiba yataka makadirio ya matumizi yafike Bungeni miezi miwili kabla ya mwaka kwisha, yaani ifikapo mwisho wa Aprili. Kamati ya Bajeti hutakiwa kusikiliza wananchi kabla Bunge halijakubali makadirio hayo.

Katika Ukambani mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Mtu anayetafuta mbegu mwezi wa Desemba hawezi kumlaumu Mungu akikosa mavuno. Vivyo hivyo mtu anayelalamika mwezi wa Julai kwamba mbolea au barabara haikutengewa fedha amekwisha kuchelewa, maana fedha zimekwisha kugawanywa. Atangoja mwaka mzima. Msimu wa kusema juu ya fedha ni kabla ya Juni.

JAMBO LA WOTE NA JAMBO LA NAIROBI

Kosa moja hupoteza safari nyingi. Watu hupeleka Nairobi jambo ambalo ni la kaunti. Tangu 2013, ukulima na ufugaji wa kila siku ni kazi ya kaunti: maofisa wa kilimo wanaotembelea mashamba, majosho, kinga ya magonjwa ya mifugo, machinjio. Mambo hayo ya Makueni huamuliwa Wote, katika Bunge la Kaunti, ambako kila moja ya wadi 30 ina mjumbe wake. Mkulima wa Kilungu ambaye hajaona ofisa wa kilimo mwaka mzima, au ambaye maparachichi yake yameingiwa na wadudu, aanze na mjumbe wa wadi na mikutano ya maoni ya kaunti.

Siasa ya kilimo ya nchi nzima, kodi, sheria za ardhi na hati za makazi ni mambo ya Nairobi. Basi kabla ya kuandika barua, jiulize kwanza: jambo hili ni la Wote au la Nairobi? Ukikosea mlango, barua yako haitajibiwa kwa ubaya, lakini utaambiwa uende kwingine, na siku zimepita.

LUGHA ISIKUZUIE

Zamani Kiingereza peke yake ndicho kilichotumika Bungeni, na mtu asiyekijua hakuweza hata kugombea kiti. Mwaka wa 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike, na Katiba ikabadilishwa. Mwaka wa 1979 Kiingereza kikaruhusiwa tena pamoja nacho. Katiba ya sasa yasema kwamba lugha za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya.

Kwa hiyo mkulima asiogope kwamba hakusoma sana. Barua yake ya Kiswahili ina uzito ule ule. Na Mbunge akizungumza juu ya hati za makazi, wapiga kura wake waweza kumwomba azungumze kwa lugha ambayo watu wa nyumbani wataisikia.

KWENDA KUTAZAMA

Bunge hufanya kazi yake waziwazi, na mwananchi aweza kuingia katika sehemu ya wageni akatazama. Achukue kitambulisho chake, avae nguo za heshima, na awe tayari kupekuliwa mlangoni. Ndani mgeni hukaa kimya, hapigi makofi wala hasemi neno. Vyama vya ushirika na vikundi vya wakina mama vingefanya vema kupanga safari ya namna hiyo na kumwarifu Mbunge wao mapema. Anayeshuka kutoka Kilungu mpaka barabara kuu ya Mombasa asubuhi aweza kufika Nairobi kabla ya kengele ya saa nane u nusu.

Asishangae akiona Mbunge anasimama na kumkatiza mwenzake. Hiyo ni hoja ya nidhamu, yaani Mbunge anasema kwamba kanuni imevunjwa. Spika huamua, na neno la Spika hufuatwa. Anayekataa kutii huamriwa atoke nje. Ifikapo saa moja jioni Spika huahirisha mkutano, hata kama kuna mtu aliyekuwa bado anasema. Hoja yake itaendelea siku nyingine.

YA KUFANYA MWEZI HUU

Ndugu mkulima, usiyasome haya ukayaacha hapo. Fanya mambo haya:

1. Weka pamoja stakabadhi, barua na karatasi zote za shamba lako, mahali pakavu pasipofikiwa na mchwa. Bila karatasi hizo hakuna ombi wala swali litakalosimama.

2. Jua jina la Mbunge wako, la Mbunge mwanamke wa kaunti, la Seneta na la mjumbe wa wadi, na ofisi zao zilipo.

3. Katika mkutano wa makazi yenu, chagueni jambo moja tu lililo kubwa. Amueni kama ni la Wote au la Nairobi.

4. Mwandikieni barua ofisa anayehusika, mkashike nakala. Mkikosa jibu la kuridhisha, andikeni swali la kumpa Mbunge, au ombi la kupeleka kwa Karani wa Bunge.

5. Mchagueni mtu mmoja anayesoma magazeti au kusikiliza redio kila siku, awaarifu wengine kamati inapoita maoni juu ya kilimo, ardhi au kodi, na siku ya mwisho ya kuyapeleka.

6. Baada ya kupeleka, ulizeni tena. Asiyeuliza husahauliwa.

Wazee wetu wengi walitoka katika milima ya Kilungu, Mbooni na Iveti baada ya Vita Kuu ya Pili, wakashuka kulifungua pori la Makueni lililokuwa na mbung'o na wanyama wakali. Hawakungoja mtu awafyekee. Hati za mashamba hayo na sheria zinazoyalinda zahitaji bidii ile ile, ingawa kazi yenyewe leo ni ya kalamu na karatasi.